Tangazo la Tatu

SEHEMU YA KWANZA

Godlisten aliacha mitambo ya kanisa siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi usiku kikao cha wazee kilikuwa kimeshampata mrithi wake. Mrithi mwenyewe hakuwamo kikaoni. Ndivyo huduma za kujitolea zinavyogawiwa usharikani: wenye visingizio huhudhuria wakavitoa, asiyekuwepo akapewa kazi.

"Wamekutaja wewe," Mama alisema, akimenya ndizi za machalari. "Umefanya kazi redioni Dar es Salaam. Nani mwingine huku mlimani anajua mambo ya waya?"

"Mama, redioni nilikuwa mapokezi."

"Si ulikuwa ndani ya jengo?"

Manka alicheka, na kwa kuwa alicheka ikahesabika kwamba amekubali. Mkataba wake ulikuwa umeisha tangu Agosti. Mdogo wake, Aika, alikuwa anaolewa tarehe 27 Desemba, wakati Wachaga wote wenye nauli na wengi wasio nayo wanakuwa wamerudi nyumbani, na hapo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Dada mtu ambaye hajaolewa alihitaji sana mahali pa kukaa siku ya Jumapili pasipo na watu wa kumuuliza, "Na wewe lini?" Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma kabisa ya kanisa, juu ya ngazi nyembamba, chini ya mnara wa kengele. Hakuna shangazi anayepanda ngazi ile.

"Na sauti itafika hadi nje, kwa watakaokaa chini ya miti?" Mama aliuliza. "Na vile vya masikioni alivyokuwa anavaa Godlisten, ni vya kuzuia kelele au vinasikia kila kitu?"

"Nikifundishwa nitakwambia."

Mama akachukua ndizi nyingine.

Godlisten alikuja Jumamosi kukabidhi. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Juu ya mikisa alikuwa amebandika utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: njia ya kwanza ni mimbari, ya pili altare, ya tatu maiki ya kifuani ya mchungaji, ya nne ile ya mkononi inayozungushwa kwa wageni. Kuanzia ya tano hadi ya kumi ni kwaya. Ya kumi na moja, kinanda.

"Na matarumbeta?"

"Matarumbeta yanahitaji mikisa?" Godlisten alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, dada Manka. Walileta ibada isiyotegemea umeme."

Akamwonyesha mpangilio wa kuwasha: vyombo vyote kwanza, mikisa baada yake, emplifaya mwisho. Wakati wa kuzima ni kinyume chake, emplifaya inatangulia. Ukikosea, spika zinapiga kishindo na kina bibi wa benchi la mbele wanaanza kuungama kabla ya wakati. Spika zikianza kupiga mluzi usishushe kila kitu kwa hofu. Tafuta maiki iliyoelekezwa kwenye spika, ishushe hiyo peke yake. Betri badilisha kila Jumapili kabla ya ibada ya kwanza, na usisubiri taa nyekundu iwake. Mahubiri yaliyokatika katikati hayaungwi.

"Betri ananunua nani?"

"Wewe. Na usidai risiti."

Kisha akagusa kitufe kidogo chenye herufi PFL, kilichokuwepo kwenye kila njia.

"Hiki ni cha kuchungulia. Ukikibonyeza, njia hiyo unaisikia masikioni mwako peke yako, hata kama umeishusha hadi chini kabisa. Kanisa halisikii, wewe unasikia. Kimewekwa ili ujue maiki inafanya kazi kabla mtu hajaisogelea." Akanyamaza kidogo. "Kibonyeze unapokihitaji tu."

"Kwa nini?"

Godlisten akaanza kukunja waya. Aliukunja kwa mizunguko mipana, ukilala mkononi, si kwa kuuzungushia kiwiko kama afanyavyo kila mtu na ukaja kukatikia ndani.

"Watu husahau kuzima maiki," alisema.

"Na wewe mbona unaacha? Umekaa humu tangu tuko kipaimara."

"Nimepata kazi Dar es Salaam."

"Kazi gani?"

"Kazi," alijibu, akauning'iniza waya kwenye msumari wake.

Jumapili ya kwanza ya Majilio ilianza kwa ukungu. Altare ilikuwa imevikwa zambarau, mshumaa mmoja kati ya minne ukiwaka. Saa 1 kamili asubuhi kengele iligonga juu ya kichwa cha Manka hadi vikombe vya chai vya Godlisten, alivyovisahau dirishani, vikatetemeka.

Ibada ile Manka alikuwa ameisikia tangu akiwa tumboni. Lakini ukiwa juu kule, mbele ya mikisa, unaiona kwa nyuma, unaona nani anamsubiri nani. Mwinjilisti, kabla ya kuanza liturujia, hukohoa mara mbili akiwa mbali na maiki, na mpiga kinanda hujua ndiyo ishara. Mzee wa zamu hupita pembeni akihesabu waumini, wanaume peke yao, wanawake peke yao, watoto peke yao, na akifika kwa mama mwenye pacha mgongoni hurudi nyuma kuhesabu upya. Mwongoza kwaya huinua macho juu, dirishani kwa fundi, sekunde chache kabla ya kwaya kusimama. Usipokuwa unamtazama wakati huo, ubeti wa kwanza umeimbwa na mabubu. Manka alikuwa anamtazama. Aika, kwenye safu ya sauti ya kwanza, alimwonyesha kidole gumba kisha akakificha haraka ndani ya joho.

Mahubiri yalipita salama. Mchungaji alivua maiki ya kifuani, kama alivyozoea, kwa sababu inasuguana na stola yake, akampa mzee aliyekuwa karibu. Manka akaishusha njia ya tatu. Sadaka zikatolewa, benchi kwa benchi, na vikapu vikabebwa kuelekea sakristia kuhesabiwa huku katibu akipanda kusoma matangazo. Mama, aliyekuwa mzee wa kanisa wa zamu siku hiyo, aliingia sakristia wa mwisho na kufunga mlango.

Jumuiya zitakutana wapi. Nani anazikwa lini. Ujenzi wa ukumbi umefikia kwenye lenta. Kisha katibu akageuza karatasi, na akina mama wa kwaya wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza. Emanueli, wa usharika wa Dar es Salaam, anatarajia kufunga ndoa na Aika, wa usharika huu…"

Vigelegele vilijaza kanisa. Manka alishusha kidogo njia ya mimbari ili sauti isipasuke, na hapo ndipo alipoona taa ya kijani ya njia ya tatu inapepesa. Maiki ya mchungaji haikuwa imezimwa. Ilikuwa mahali fulani, hai, inasikiliza.

Akabonyeza PFL.

Kwanza alisikia sarafu zikimwagwa mezani. Kisha sauti ya Baba Mhazini, karibu kana kwamba amemwinamia sikioni.

"Barua ya usharika wake haijafika. Tunaelewana? Tukiulizwa, haijafika."

"Na yule Godlisten?" aliuliza mzee mwingine.

"Keshaondoka."

Sarafu zikaacha kulia.

"Na huyu binti aliyekaa kwenye mitambo sasa?"

Pakawa kimya. Kisha ikasikika sauti ambayo Manka angeitambua hata katikati ya soko la Mwika.

"Huyo niachieni mimi," alisema Mama. "Huyo ni mwanangu."

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Manka, fundi mitambo mpya wa kujitolea, amesikia kupitia maiki iliyoachwa wazi kwamba wazee wanaficha jambo kuhusu barua ya Emanueli, mchumba wa mdogo wake. Na mmoja wa wazee hao ni mama yake. SASA ENDELEA…

Baada ya ibada kulikuwa na mnada, kama kila Jumapili. Wasio na fedha walikuwa wameleta walichonacho, na dalali wa kanisa, mtu mwenye koo la kuaminika, alikuwa anauza yai moja kwa bei ya trei nzima kwa sababu limetolewa na mjane wa miaka themanini. Mama alinunua jogoo.

"Wa sikukuu," alisema, akampa Manka amshike.

Wakateremka njia ya migombani, jogoo katikati yao. Manka alisubiri Mama aseme neno. Mama aliongea kuhusu mfereji ulioziba kwa jirani.

Usiku huo alimpigia Godlisten. Simu haikupatikana. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu ikaita hadi ikakatika, na baadaye ukaja ujumbe mfupi: "Ukishasikia, usifute."

Manka alirudia kuusoma. Asifute nini?

Ilimchukua hadi Jumapili ya pili kuelewa, na alielewa kwa bahati. Ibada zote mbili zilikuwa zimekwenda vizuri. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa mara ya pili na vigelegele vilikuwa vingi zaidi, maana magari yenye vumbi la barabara ya Dar es Salaam yalishaanza kuegeshwa chini ya mikaratusi. Mama hakuwa na zamu. Njia ya tatu haikuwaka hata mara moja baada ya mahubiri. Manka alichungulia, akakuta ukimya mtupu wa maiki iliyozimwa.

Alikuwa anahamisha mahubiri kwenye flashi, ya kupelekewa wagonjwa majumbani, alipogundua kwamba laptopu ya kanisa haikuwa inarekodi kama alivyodhani. Alikuwa anajua faili moja tu la ibada nzima, lile linalosikika kwenye spika. Lakini Godlisten alikuwa ameiunganisha mikisa kwa njia yake mwenyewe. Ndani ya kila folda ya Jumapili mlikuwa na faili la kila njia peke yake: mimbari, altare, kinanda, kila moja kama ilivyoingia kwenye mikisa, kabla haijapandishwa wala kushushwa. Mafundi wazuri hufanya hivyo ili waweze kurekebisha wimbo wa kwaya baadaye. Maana yake ni kwamba hata pale fundi anaposhusha njia hadi chini na kanisa likasikia kimya, laptopu inaendelea kusikiliza.

Folda zilikuwa za miezi mingi. Manka akafungua ya mwishoni mwa Novemba, Jumapili ya mwisho kabla Godlisten hajaacha. Faili namba tatu. Akasogeza mbele hadi baada ya mahubiri, akavaa hedifoni.

Sarafu. Mlango kufungwa. Karatasi ikifunguliwa.

"Someni wenyewe," ilikuwa sauti ya Baba Mhazini, mjomba wake Emanueli, ndiye aliyempeleka kijana huyo kwao kuposa. "Wameandika kwamba tangazo lilipingwa. Jumapili ya kwanza tu. Mwanamke alisimama na mtoto. Wanasema tusiendelee na lolote mpaka shauri lisikilizwe."

Mzee mwingine aliguna. Mtu akauliza kama mchungaji ameiona barua.

"Mchungaji ataona tutakachomwonyesha. Vikao vya harusi vimefika mbali, kamati imeshakusanya, mahari imeshaliwa. Sasa mnataka tumwambieje binti wa watu?"

Kisha Mama. Hata kwenye rekodi alisikika akivuta pumzi kwanza.

"Nipeni mimi hiyo barua. Nitaichoma kwenye jiko langu."

Manka alisimamisha. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Akarudisha nyuma kusikia tena, kwa tumaini lile la kijinga kwamba labda maneno yatakuwa mengine, na ndipo alipohisi ubao wa ngazi ukilia nyuma yake.

Aika alikuwa amesimama mlangoni, joho la kwaya begani, macho yake kwenye kioo cha laptopu.

"Hiyo usijisumbue kunisikilizisha," alisema. "Nimeshaisikia."

"Umeisikia wapi?"

"Hapa hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia." Akafunga mlango kwa kisigino. "Dada, hivi ulidhani nani alimwondoa Godlisten?"

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Manka amegundua rekodi ya siri. Tangazo la ndoa ya mdogo wake lilipingwa Dar es Salaam, na barua ikafichwa. Lakini Aika, bibi harusi mwenyewe, anajua kila kitu. SASA ENDELEA…

Aika hakulia. Manka angependa alie, angejua la kufanya.

Godlisten, alieleza, alimwita siku ile ile baada ya ibada, akamvalisha hedifoni, akamwacha asikilize mpaka mwisho. Alidhani anamwokoa. Aika alimshukuru, akateremka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa Baba Mhazini na kumwambia kwamba fundi wa mitambo anarekodi sakristia. Jumanne yake Godlisten alipewa la kuchagua: aondoke kwa salamu nzuri, au aitwe mbele ya baraza la wazee kama mpelelezi.

"Habari za yule mwanamke aliniambia Emanueli mwenyewe," Aika alisema. "Waliishi pamoja. Mtoto ni wake, na anamsomesha. Ndoa hawakufunga, si kanisani, si bomani."

"Basi shauri lisikilizwe. Kama ni kweli, mtashinda."

"Lini? Kadi zimeshagawiwa. Wajomba wanapanda basi Alhamisi. Ukumbi umeshalipiwa."

Hapo alikuwa na hoja, kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anavyojua: ukishaanza kupokea michango ya watu, harusi inakuwa mali ya wachangiaji, na bwana na bibi harusi wanabaki kuwa waalikwa wa heshima. Lakini pingamizi halijali kamati. Kanisa hutangaza ndoa Jumapili tatu ili mwenye neno apate nafasi ya kulisema, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya angalau siku 21. Siku zote hizo zimetengwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye aghalabu hatokei.

"Nasikia anakuja," Aika alisema. "Jumapili."

"Nani kakuambia?"

Aika hakujibu. Aliingiza mkono ndani ya joho akatoa jani refu la kijani, amelikunja kifundo katikati, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Sale. Manka alirudi nyuma hadi kiti kikagonga ukuta. Mchaga akiletewa jani la sale anaombwa msamaha, na kulikataa ni jambo ambalo bibi yao, Mlutheri wa kubatizwa na kuipeleka familia nzima kipaimara, alikuwa akilisema kwa sauti ya chini. Walioua wamesamehewa kwa jani lile. Wadogo zako hawakuletei kwa mzaha.

"Sikuombi useme uongo," Aika alisema. "Akisimama mtu na maiki mkononi, zima tu. Mimi na Ema tutamalizana naye nje, baadaye, kiungwana. Usiseme chochote, na spika zisiseme chochote. Basi."

Manka alilipokea jani. Angefanyaje?

Wiki hiyo alilala kwa vipande. Ijumaa jioni alimkuta Mama kwa jirani, mzee mwenzake wa kanisa, wanabadilishana zamu: Mama alitaka Jumapili ya tatu ya Majilio, ambayo haikuwa yake. "Kuna wageni wengi, nitasaidia," ndiyo sababu aliyotoa. Akapita mbele ya Manka bila kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze Manka aliona kwamba Mama anaogopa.

Jumapili ya tatu kanisa lilifurika. Watu wa mjini walikuwa wamevaa suti za mjini na kutetemeka kwa baridi ya mlimani waliyokuwa wameisahau. Emanueli alikaa benchi la tatu, kijana mrefu mwenye tabia ya kukaa akiwa ameinamisha kichwa. Manka alibadilisha betri zote, na za maiki ya njia ya nne akazibadilisha mara mbili, bila kujua kama anataka zifanye kazi au zisifanye.

Mahubiri yakaisha. Mchungaji akavua maiki ya kifuani, na safari hii Manka alitazama inakokwenda. Aliyenyoosha mkono kuipokea alikuwa Mama. Vikapu vya sadaka vikaingia sakristia, Mama nyuma yavyo, mlango ukafungwa. Dakika moja baadaye Baba Mhazini aliinuka kutoka benchi la wazee, akatembea taratibu kwa pembeni, akaingia naye.

"Kabla ya matangazo," katibu alisema, "tunawaomba wageni wetu wasimame wajitambulishe."

Walisimama wengi. Maiki ya mkononi ikapita: mzaliwa wa hapa anayeishi Mwanza, familia kutoka Arusha, mzee aliyeongea hadi mkewe akamvuta koti. Manka alikuwa na kidole kwenye njia ya nne wakati wote. Kisha maiki ikafika nyuma, benchi la mwisho upande wa kina mama, kwa mwanamke wa gauni la bluu aliyemshika mkono mvulana wa umri wa kuanza shule. Kando yao alisimama mwanamume aliyeshusha kofia yake polepole.

Godlisten.

"Bwana Yesu asifiwe," mwanamke alisema.

"Amina!" kanisa likajibu, kwa furaha, maana halikujua.

"Nimetoka Dar es Salaam. Huyu ni mwanangu. Nimekuja kusali na ninyi, na kuuliza habari za barua ambayo usharika wetu uliwaandikia mwezi uliopita."

Emanueli aliinua kichwa. Kwenye kwaya Aika hakugeuka kumtazama mwanamke. Alitazama juu, dirishani, kwa dada yake. Mchungaji alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza, akageuka kwa katibu, katibu akaangalia karatasi zake. Mchungaji akainua mkono.

"Fundi," alisema kwenye maiki ya altare, "hebu zima hiyo kwanza."

Kidole cha Manka kilikuwa juu ya kitufe. Jani la sale lilikuwa mfukoni mwake. Na pembeni ya kidole hicho, taa ya kijani ya njia ya tatu ikaanza kupepesa.

Kwa mkono mwingine akabonyeza PFL.

Hakukuwa na sarafu. Palikuwa na pumzi tu, karibu sana, ya mtu aliyeishika maiki mdomoni makusudi.

"Manka," Mama alinong'ona. "Najua unanisikia. Kwa nini unafikiri nilikuchagulia kiti hicho? Usizime, mwanangu. Mdogo wako hajui yote, hata mimi nilikuwa…"

Hatua nzito zikasogea.

"Mama Manka," ilikuwa sauti ya Baba Mhazini, "unaongea na nani?"

Chini, mchungaji alikuwa bado ameinua mkono. "Fundi!"

Manka akakiacha kitufe cha njia ya nne. Akashika kidude cha njia ya tatu, kilichokuwa kimelala chini kabisa, akakisukuma hadi juu.

Spika za ndani na za nje, zile za watu waliokaa chini ya miti, zikavuta pumzi ya Mama kwa pamoja. Kanisa zima likageukia mlango wa sakristia uliofungwa.

"Nimekuuliza, unaongea na nani?" Baba Mhazini alinguruma kutoka kila pembe ya jengo. "Na hiyo karatasi mkononi mwako ni nini? Ile barua si uliniambia umeichoma?"

"Sikuichoma," Mama alijibu, na sauti yake ilifika hadi barabarani. "Na haikuwa barua moja, Baba Mhazini. Hii ya pili imeandikwa na wewe."

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO